Tanti Kavira Alikuwa Anatafuta Nani

Makaa yaliyonyeshewa yana harufu yake. Si ya moshi, si ya udongo. Ni kama chuma kilichosahauliwa nje. Juzi mvua ilinikuta sokoni, nikajibanza chini ya turubai la mama mmoja anayeuza makaa. Magunia yake yalikuwa yameloa, na ile harufu iliponiingia puani sikuweza tena kusimama pale. Nilitoka nikatembea katikati ya mvua mpaka nyumbani, na mume wangu aliponiona akauliza kama kuna mtu ananifukuza. Ningemjibu nini? Nilikuwa nimeuona tena ukuta wa nyumba ndogo ya nyuma katika parsele yetu, kiwanja tulichokaa, mweusi kuanzia chini mpaka pale mkono wa mtu mrefu unapofika, na tanti Kavira, shangazi yangu, mbele yake, kipande cha kaa mkononi, midomo inacheza, miguu haitulii.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Bunia mnaijua hali ya miaka ile bila kuambiwa. Mji mzima hakuna aliyekaa vizuri kwenye kiti. Watu wazima walikula huku uso umegeukia barabarani. Moto, zile pikipiki za abiria, zilipita mchana kutwa zikibeba magodoro, majiko, mbuzi, watoto watatu nyuma ya dereva mmoja, na magari meupe ya walinda amani yakapita katikati yao yakipiga honi. Bati la mlango likigongwa na upepo, kila mtu kwenye parsele alinyanyua kichwa, akasikiliza, kisha akakirudisha kwenye sahani kama hakuna kitu. Sisi watoto tulidhani ndivyo watu wanavyokula dunia nzima.

Papa na Mama walitoka Butembo kabla sijazaliwa. Papa alikuwa na duka la misumari, mabati na simenti karibu na soko, na tanti Kavira alikuwa mdogo wake wa mwisho. Papa ndiye aliyemsomesha mpaka chuo kikuu Kisangani. Aliporudi na lisansi, shahada yake ya hesabu, Papa alichinja mbuzi. Majirani walikuja, wakala, wakapangusa midomo, kisha mmoja akauliza swali lililotusumbua kwa muda mrefu baadaye.

"Sasa, mutu wa mathématiques anafanyaka kazi gani?"

"Ataingia benki," Papa akasema haraka.

"Bamuchukue kwa ONG," Mama akasema, akimaanisha mashirika ya misaada. "Kule batu wa kusoma njo banaenda."

Mwingine akataja forodha. Mwingine akasema hapana, mtu wa hesabu ni mwalimu tu, hata azunguke vipi atarudi kwenye ubao. Wote walimgeukia tanti. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye shingo ndefu na viatu vilivyolika upande mmoja, na alikuwa anatafuna mfupa kama mtu anayewaza kitu kingine.

"Miye nitaendelea kutafuta," akasema.

Papa alicheka, akampiga bega. "Kazi itapatikana, Kavira. Tutatafuta wote."

Mimi nilikuwa chini ya meza na sahani yangu, na nilimwona tanti alivyotaka kumrekebisha, kisha akaurudia mfupa wake.

Wiki ileile Papa alimpeleka dukani ahesabu mabati yaliyobaki. Alihesabu, akapata hesabu moja. Akarudia, akapata nyingine. Nilikaa juu ya mfuko wa simenti nikitazama uso wa Papa unavyobadilika.

"Kavira! Miaka yote ile Kisangani, na kuhesabu mabati inakushinda?"

"Yaya," tanti akamjibu kaka yake bila aibu yoyote, "kuhesabu na mathématiques haiko kitu kimoja. Minaweza kukuonyesha namna ya kupanga hii vitu hapa ndani upate nafasi ya mingine. Lakini kuhesabu, hata huyu Masika anaweza kunipita."

Masika ni mimi. Nilivimba kichwa siku nzima. Na tanti kweli alipanga nondo na mabati upya, akageuza hiki, akasimamisha kile, mpaka duka likaonekana limepanuka. Papa aliguna. Alisema hiyo ni kazi ya mpakia mizigo, na mpakia mizigo hahitaji kupelekwa Kisangani.

Basi akawa mwalimu wa asubuhi katika shule moja ya sekondari, na alasiri akawa mtu ambaye sisi wa nyumbani hatukuwa na jina lake. Alianza kwenye karatasi. Karatasi zikaisha, akahamia ukutani. Chaki ilikuwa ya shule, hakutaka kuigusa, akachukua makaa jikoni. Aliandika herufi, mishale, mabano, akarudi nyuma hatua chache, akaanza kutembea. Kutoka bomba la maji mpaka choo, kutoka choo mpaka bomba. Majani yalikufa chini ya miguu yake, ikabaki njia ya udongo mwekundu. Ukimwita haitiki. Ukimwekea chakula, kinapoa. Mara nyingine alisimama ghafla, akasema "Hapana!" kwa sauti, akaenda kufuta kwa kiganja kile alichokiandika tangu juzi, na mkono wake ukabaki mweusi hata mezani. Mama alianza kumtaja kwenye maombi. Majirani walinong'ona kwamba kusoma kupita kiasi kunachosha ubongo wa msichana.

Mimi nilimfuata. Nilikuwa mtoto asiyetulia pia, na kumfuata mtu anayetembea bila kufika ilikuwa raha. Siku moja nikamuuliza.

"Tanti, unatafuta nini?"

"Inconnue."

"Inconnue njo nani?"

Hakunitazama. Macho yalikuwa ukutani. "Ningejua, singetafuta. Minajua tu iko. Minajua haiko mbali. Kila mahali inapita inaacha alama."

Lazima niwaeleze neno lile lilivyoingia masikioni mwangu. Shuleni walikuwa hawajatufikisha kwenye hesabu zenye herufi, ambako inconnue ni kile usichokijua bado. Mimi "inconnu" nililijua kutoka kwenye redio ya Papa, iliyotaja kila asubuhi watu wasiojulikana waliopita mahali fulani, na baada ya habari ikasoma matangazo ya wanaotafutwa: msichana wa kimo fulani, alivaa kitenge cha rangi fulani, atakayemwona ataarifu familia. Kwangu, inconnue alikuwa mtu. Mwanamke. Alipotea, na tanti Kavira alikuwa amesomea Kisangani namna ya kutafuta waliopotea. Hatimaye nilielewa kazi ya mtu wa mathématiques, na nikashangaa watu wazima wanauliza nini.

Na sikuwa peke yangu. Mama Neema alikuwepo pale pale, amekaa kwenye kigoda akichambua sombe, majani ya muhogo.

Mama Neema alikuwa mkulima kutoka upande wa Djugu. Alikimbia vita vilipofika kijijini kwao, na Mama alimpokea, akampa chumba katika ile nyumba ya nyuma ambayo ukuta wake tanti aliuchafua. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mikono mikubwa. Njiani, wakati wa kukimbia, alitengana na binti yake, Neema, mkubwa kwangu kwa miaka michache. Tangu hapo msimu mmoja wa mvua ulikuwa umepita. Kila siku alizunguka kambi zote za waliokimbia hapo Bunia akiuliza. Na sisi, kwa desturi yetu ya kumwita mama kwa jina la mtoto, tulimwita binti yake kutwa nzima bila kufikiri. Mama Neema, leta maji. Mama Neema, umeamkaje.

Nilipogeuka, majani ya sombe yalikuwa yameanguka mapajani mwake.

"Iko kweli?" akamuuliza tanti, taratibu.

Tanti alikuwa mbali. "Iko kweli, Mama," akasema huku akiendelea kutembea. "Lazima ikuwe. Nisipoipata, ni kosa yangu miye, haiko yake."

Huku kwetu, kama mnavyojua, "iko" tunamwambia mtu na tunakiambia kitu. Hakuna kinachotofautisha.

Kuanzia siku ile Mama Neema alibadilika. Alimletea tanti uji kabla hajaomba. Alimfulia nguo. Tukicheza karibu na ukuta alitufukuza kwa ufagio: muache mwalimu afanye kazi yake. Hakwenda tena kambini kila siku. Alipata kitambaa cha bluu na cheupe, akaanza kushona kwa mkono sare ya shule, blauzi na sketi, na sketi aliiacha bila pindo. Nilimuuliza kwa nini hamalizi. Akasema hajui mtoto amerefuka kiasi gani.

Nilimwona tanti akimshukuru kwa uji, akimwita "Mama yangu". Alidhani ni upendo tu. Nani angedhani kingine?

Ilikuwa Jumapili alasiri. Papa amelala kitini na redio kifuani, Mama ananisuka nywele mlangoni, na kutoka nyuma ya nyumba tukasikia ukelele ulioamsha kuku.

"Nimepata! Nimepata! Iko hapa! Siku zote ilikuwa hapa, mbele ya macho!"

Mama Neema alitoka jikoni na unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko. Hakwenda kwa tanti. Alikimbilia langoni, akalisukuma, akatoka barabarani, akatazama upande wa soko, akatazama upande wa uwanja wa ndege. Moto zilipita. Vumbi likatulia. Alirudi ndani polepole, bado anatabasamu, kama mtu anayefanyiwa mchezo na hataki kuuharibu.

"Iko wapi?"

Tanti alimshika mkono, akamvuta mpaka ukutani. Machozi ya furaha yalikuwa yamechora mistari kwenye masizi ya uso wake. "Hii hapa, Mama! Uone. Niliizunguka miezi yote, na iko rahisi hivi!"

Mama Neema alitazama. Kulikuwa na alama moja imezungushiwa duara. Alinyoosha kidole chenye unga, akaigusa, akaufuata mzingo wake wote polepole, namna unavyogusa uso wa mtoto aliyelala.

"Hii njo Neema?" akauliza.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizimika vile. Tanti alimtazama, akanitazama mimi, akatazama ukuta, na nikaona mambo yote, uji, nguo zilizofuliwa, sare isiyo na pindo, yakimfikia kwa pamoja. Aliketi chini, palepale kwenye njia aliyoichimba kwa miguu yake. Mama Neema alipangusa unga kwenye kitenge chake, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Hakufungua siku ile. Kesho yake alitoka kabla hatujaamka, akarudi kwenye mizunguko yake ya kambini, na jioni alipita mbele ya tanti kama anapita mbele ya mti. Sare sikuiona tena.

Kile tanti alichokipata kilikuwa kizuri, hilo nililijua baadaye sana. Alimtumia mwalimu wake wa Kisangani, naye akakituma mbele zaidi, na kutokana nacho akapewa nafasi ya kuendelea na masomo nje ya nchi, msimu wa kiangazi ukifika. Papa alifurahi, ingawa bado hakujua aseme nini kwa majirani. Tanti hakufurahi. Hakula. Alitembea, lakini sasa bila kaa mkononi, na hiyo ilitutia hofu zaidi.

Kisha asubuhi moja aliteka maji, akachukua sabuni na gunia kuukuu, akaanza kuosha ukuta. Maji meusi yalishuka mpaka miguuni. Ile harufu ilijaa parsele nzima. Aliposugua mpaka ukuta ukarudi kijivu, alikwenda kwenye mlango wa Mama Neema, akasimama nje.

"Mama Neema. Sikujua. Nisamehe. Sasa minaomba unieleze ile asubuhi."

"Ya kufanya nini?" Sauti ilitoka ndani, kavu. "Umuandike tena kwa ukuta?"

"Ndiyo," tanti akasema. "Nimuandike."

Mlango ukafunguka.

Nimeona tangu hapo watu wengi wakihojiwa, na wengi wakihoji, lakini namna tanti alivyouliza sijaiona tena. Hakuuliza Neema yuko wapi, kwa sababu hilo kila mtu alikuwa ameshauliza. Aliuliza jua lilikuwa wapi walipotengana. Ni nani alitangulia, nani alibaki nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha? Mto ulikuwa umejaa? Neema alibeba nini? Mama Neema alisema alibeba mbegu za maharage kichwani, na kwamba alikuwa na wanawake wa jirani waliokuwa wanaswaga mbuzi. Tanti alichora nukta ukutani. Hapa. Halafu mistari miwili: hapa njia ilipogawanyika.

Kisha akanishika mkono, tukaenda kambini. Nilitembea mpaka kandambili zangu zikakatika. Kati ya mahema yale, yenye harufu ya plastiki iliyopigwa jua na uji ulioungua, tanti aliwauliza watu habari za safari yao wenyewe. Weye ulipita wapi? Ulikuta njia imefungwa wapi? Wenye mbuzi ulibaona bakienda upande gani? Watu waliochoka kuulizwa kama wamemwona fulani walifurahi kuulizwa kitu wanachokijua. Walieleza kwa mikono, wakachora kwa vijiti mavumbini. Jioni tanti alirudi ukutani akaongeza nukta, akafuta mistari.

"Juu ya nini unafuta nyingi hivi?" nikamuuliza sababu.

"Njo kazi yenyewe," akasema. "Kwanza unatafuta mahali ambapo hawezi kuwa. Kitu usichokijua unakipa jina, unaketi nacho kama mugeni, unakiuliza polepole. Kinakuambia kwanza kile hakiko."

Papa alikuja akasimama nyuma yetu, mikono mgongoni.

"Kavira, hii njo ulisomea?"

"Hapana, yaya. Lakini iko na sura ileile."

Kilichotoka ukutani kilikuwa hiki. Siku ile, baada ya jua kufika utosini, njia ya kushuka Bunia ilifungwa na milio ya risasi. Waliotangulia walipita, na Mama Neema alikuwa kati yao. Waliochelewa, na wenye mbuzi daima huchelewa, walipinda kaskazini, barabara ya Mahagi, na wengi wa waliopinda waliendelea mpaka huko juu, Ariwara, kwenye soko, ambako mtu anaweza kuuza mbuzi akaanza upya. Mama Neema alikuwa anamtafuta mwanawe Bunia kwa sababu Bunia ndiko alikofika yeye.

"Sijui," tanti alimwambia. "Usisikie kama najua. Lakini ningekuwa miye, ningeanza na Ariwara."

Mali ya duka la Papa ilikuwa inakuja kutoka mpakani kwa lori la shoferi mmoja mzee, mcheshi, aliyezoea kutupa peremende. Papa, bila kutuambia, alikuwa ameshamwagiza amtafute Neema kule Ariwara. Tulingoja. Kungoja kule nakumbuka kwenye ngozi: kila lori likibadili gia kwenye kilima, sote watatu, mimi, tanti na Mama Neema, tuliacha tulichokishika. Tanti aligawanya kiazi sahanini vipande vidogo vidogo, asile hata kimoja.

Shoferi alirudi. Amekwenda soko lote la Ariwara, akasema, amewapata hata wale wanawake, mbuzi wameshawauza. Neema hayuko nao.

Mama Neema alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua. Tanti alikwenda ukutani, akasimama mbele yake muda mrefu bila kutembea. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ametulia, na sikuipenda.

"Nilikosea," akasema hatimaye. Aliligeukia lile neno bila kulikwepa, kama alivyowaambia wanafunzi wake wafanye. "Niliweka kitu ambacho sikukiuliza. Nilisema alibaki na bale banamama. Nani aliniambia alibaki nabo? Hakuna mutu. Ni miye nilijiambia." Akamgeukia Mama Neema. "Mama, juu ya nini mutoto kama Neema angeacha batu anaobajua?"

"Asingebaacha," Mama Neema akasema. "Bangemuacha." Akafikiri. "Alikuwa na kidonda kwa mguu. Jembe ilimukata. Hakuweza kutembea mbio."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Uliuliza alibeba nini."

Walitazamana, na nakumbuka kwamba Mama Neema ndiye aliyechukua kipande cha kaa. Hakuwa amewahi kushika kalamu. Alikwenda kwenye mstari mrefu wa Mahagi, akatafuta kwa jicho, akaweka nukta yake karibu kabisa na mwanzo.

"Na mguu ule," akasema, "hapa njo angefika. Haiko mbali zaidi."

Lori lilipoondoka tena, shoferi aliagizwa asimame kila penye zahanati, kila penye kanisa, katika kile kipande kifupi cha barabara alichokuwa akikipita kila safari bila kusimama. Alirudi na Neema ameketi kwenye kabini, kati yake na mifuko ya simenti. Masista wa kituo kimoja kando ya barabara walimtibu, akabaki akiwasaidia jikoni, kwa sababu waliomleta walimwambia kwamba mama yake alikuwa ameuawa.

Nilitegemea mayowe. Nilikuwa nimeshapanda juu ya tofali nione vizuri. Neema alishuka kwa uangalifu, mrefu, mgeni, akivuta mguu kidogo, akasimama langoni kama mtu anayeomba maji. Mama Neema alikuwa anakoroga ugali. Hakukimbia. Nadhani aliogopa kwamba akikimbia atafika barabarani tena na kukuta vumbi. Alishika mwiko vilevile, akamtazama toka kichwani mpaka miguuni, akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo sana:

"Umekula?"

"Hapana, Mama," Neema akasema.

Hapo ndipo mwiko ulipoanguka.

Tanti hakuwa pale. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta, mgongo wote wa blauzi umekuwa mweusi, anatapika. Alinifanyia ishara nisiite mtu.

Ningeweza kukomea hapo, na nikiwasimulia watoto wangu hukomea hapo. Lakini nyinyi ni watu wazima. Habari ilitoka na Neema kwenda kambini, na kesho yake asubuhi Papa alipofungua lango aende dukani, alikuta akina mama wamesimama nje. Hawakubisha. Walisimama tu, wengine na picha ndogo za kadi, wengi bila picha yoyote. Papa alirudi ndani, akavua kofia.

"Kavira. Banakutaka."

Tanti aliwaambia ukweli, mmoja mmoja. Siwezi kuahidi. Nilikosea hata na yule niliyempata. Hawakuondoka. Basi aliwakaribisha, akawauliza kuhusu asubuhi zao, na ukuta ukajaa mpaka akahamia ukuta wa pili. Wachache walipatikana. Wengi hawakupatikana. Kwa wengine nukta zote zilifutika, zikabaki zile za mahali watu walipouawa, na tanti alizijua, na mama aliyekaa mbele yake alizijua. Mwanamke mmoja alimshukuru hata kwa hilo. Mwingine alimtukana. Tanti alipokea yote mawili kwa uso uleule, kisha akaenda kutembea kati ya bomba na choo.

Leo anafundisha chuo kikuu, nje, na kazi yake ni kufuatilia kwa hesabu jinsi magonjwa yanavyosafiri kwenye njia za watu. Waganga wa hospitali wanamwuliza waanze wapi. Ananiambia kwa simu kwamba bado anakosea, na bado anajiuliza: nani aliniambia?

Lakini mimi namwona siku aliyoondoka. Ilikuwa mchana, jua kali, moto ya kumpeleka uwanja wa ndege iko langoni na injini inalia, sanduku limefungwa nyuma kwa mpira. Tulikuwa tumeshaagana, Mama ameshaomba, Papa ameshajifanya ana vumbi jichoni. Akatokea mwanamke, anahema, ametoka mbali. Amesikia kuna mwalimu anayetafuta waliopotea.

"Mama, ndege!" dereva akampigia tanti kelele.

"Minajua," tanti akamwambia. Akapanda. Moto ikaondoka. Na kisha nikaona amegeuka nyuma, mkono mmoja ameshika bega la dereva, shingo ile ndefu imepindika, anauliza kwa sauti juu ya ule mlio: jua lilikuwa wapi? Nani alitangulia? Na yule mama, kitenge amekikunja mkononi, akawa anakimbia nyuma ya ile moto katikati ya barabara, anamjibu.